Mwanangu Ni Mchezaji Wangu: Mwalimu Awajibu Wazazi Makocha

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa wazazi wanaofundisha mpira wa magongo katika timu ambazo watoto wao wenyewe wanachezea. Nimechagua tatu. Nimeshika filimbi shuleni na klabuni tangu ujana wangu, na binti yangu wa pili nilimfundisha mwenyewe, kwa hiyo haya ninayajua kwa kuyaishi.

Mwalimu, habari yako. Nafundisha timu ya wasichana wa chini ya miaka 14 hapa Kisumu, Jumamosi asubuhi. Binti yangu ana miaka 13, anacheza kiungo, na ndiye anayesukuma mpira kwenye kona fupi, ile adhabu wanayopewa washambuliaji walinzi wakifanya kosa karibu na goli. Mwezi uliopita nilisikia wazazi wawili wakisema kando ya uzio, "Huyo hatolewi, si ni wa kocha." Tangu siku hiyo namwanzisha benchi na kumwingiza robo ya mwisho. Wazazi wamenyamaza, lakini mtoto naye amenyamaza. Tukipanda matatu anatazama dirishani hadi tushuke. Je, niache ukocha? (Mama Kiungo, Kisumu)

Mama, usiache ukocha. Acha kumwadhibu mtoto kwa sababu ya maneno ya watu wazima.

Wengi wetu tuliosoma shule za vijijini tunamkumbuka mtoto wa mwalimu. Darasa zima likipiga kelele, wa kwanza kuitwa mbele alikuwa yeye, na kiboko chake kilikuwa kikali kuliko vyetu, ili asipatikane wa kusema kwamba anapendelewa. Sisi tulitoka pale tukiona mwalimu ana haki. Yeye alijua amechapwa kwa sababu ya baba yake. Binti yako yuko hapo sasa. Ana miaka 13, anajua kuhesabu dakika, na anajua kiwango chake kuliko unavyodhani. Ukimwambia ni mbinu za mchezo, hatakuamini.

Wale wazazi wawili nao usiwachukie. Wanalouliza ni uamuzi unatoka wapi, na kwa sasa unatoka kichwani mwa mama mtu peke yake. Basi mambo yanayomhusu binti yako yatoke mikononi mwako, na kila mtu aone yametoka.

Anza na dakika za kucheza. Kwenye kandanda aliyetolewa ametolewa. Magongo hayako hivyo: mabadiliko hayana kikomo, mchezaji anatoka, anakunywa maji, anarudi uwanjani. Wakati pekee unaozuiwa kubadilisha ni kona fupi ikishatolewa, mpaka imalizike, isipokuwa kipa wa upande unaolinda akiumia au akiadhibiwa. Kwa sheria ya namna hiyo, sioni sababu ya mtoto yeyote wa umri huo kukaa benchi robo tatu, awe wako au wa jirani. Alhamisi jioni andika karatasi ya zamu: nani anaanza, nani anapumzika, nani anarudi lini. Mstari wa binti yako uache wazi, msaidizi wako aujaze bila kukuuliza. Siku ya mechi aishike yeye, na mzazi anayetaka kuitazama aitazame.

Binti yangu alipokuwa kwangu, mwalimu mwenzangu wa hisabati ndiye aliyekuwa na usemi juu yake. Katika mashindano ya mkoa alimtoa tukiwa nyuma kwa bao moja. Mimi ningemwacha. Niliuma ulimi, na wazazi waliokuwa kando ya uwanja waliniona nikiuuma. Baada ya hapo sikusikia tena neno la upendeleo, na hata mkutano hatukuitisha.

Sasa kona fupi. Hapo ndipo mabao mengi hutoka na ndipo wivu huzaliwa, maana kila mtoto anataka kuwa mmoja wa wale watatu: anayesukuma kutoka mstari wa nyuma, anayetuliza mpira nje ya duara (eneo la mbele ya goli ambamo bao hufungwa), na anayepiga. Bahati nzuri, kazi ya msukumaji inapimika. Anasimama mita 10 au zaidi kutoka mlingoti wa goli ulio karibu, na mpira lazima utoke nje ya duara kabla ya mtu kupiga golini. Unachohitaji ni mpira unaokwenda kasi, chini, ukafikia gongo la mtulizaji bila yeye kuhama. Kila anayetaka kazi hiyo asukume mipira 10 mazoezini, mzazi mwingine ahesabu iliyofika alama, na majina yaandikwe mbele ya wote. Rudieni kila baada ya wiki chache. Binti yako akishinda, ameshinda kwa hesabu ya mama wa mwenzake. Akishindwa, ajifunze kutuliza, kazi ambayo kwa maoni yangu ni ngumu zaidi na haisifiwi inavyostahili.

Kabla ya hayo yote, kaa naye. Mwambie maneno haya haya: "Nilikuweka benchi kwa sababu niliogopa maneno ya watu. Mchezo wako haukuwa na kasoro." Usimwongezee maelezo. Mtoto akiambiwa ukweli mfupi huubeba.

Kisha kuna jambo ambalo wazazi makocha wengi hawalifikirii. Wachezaji wako wengine wakiudhika nawe, wanafika nyumbani wanamlalamikia mama: kocha ananionea, kocha hanioni. Binti yako atamlalamikia nani? Kocha ndiye anayempakulia ugali. Mtafutie mtu. Shangazi yake, nyanya yake, yeyote anayeweza kusikiliza bila kukuletea habari. Mwambie waziwazi kwamba ana ruhusa ya kukusema huko. Na wewe ndani ya matatu usiuguse mchezo mpaka yeye auanze. Akiuanza, sikiliza hadi mshuke.

Shikamoo Mwalimu. Kijana wangu ana miaka 15 na ndiye kipa wa timu ninayoifundisha hapa Mombasa. Miaka miwili iliyopita nilimnunulia vifaa vyote, vya mtumba lakini vizuri: helmeti, pedi za miguu, glavu, kinga ya kifua. Juzi kanambia hataki tena goli, ataka kucheza mbele. Timu haina kipa mwengine na mashindano yako karibu. Nimemwambia angoje msimu uishe. Mamake asema namwonea. (Abu Kipa, Mombasa)

Marahaba, baba. Mama yake ameona kitu, msikilize.

Fikiria kijana wa mtu mwingine angekujia na maneno hayo. Najua ungemwita kando umuulize kisa. Ungetaka kujua kama amepigwa na mpira mahali pabaya, kama wenzake wamemlaumu kwa bao, kama amechoka tu. Wako umemjibu kwa hali ya timu. Ni rahisi kumjibu hivyo kwa sababu yeye hawezi kuhama timu wala kuhama nyumba.

Muulize, lakini kwanza mvalishe vile vifaa na umtazame vizuri. Vilinunuliwa akiwa na miaka 13, na vijana wa umri huo hurefuka kwa ghafla. Pedi zikiwa fupi, goti linabaki nje. Kinga ya kifua ikipanda juu, tumbo liko wazi. Helmeti isiyomkaa inageuka mpira ukiigusa. Mpira wa magongo una gramu 156 hadi 163 na ni mgumu, na vijana anaokutana nao sasa wanapiga kwa nguvu ya watu wazima. Nimeona makipa wazuri wakianza kugeuza uso, na kipa anayegeuza uso ndiye anayeumia. Huenda mwanao haukimbii mchezo. Huenda ameanza kuogopa, na mbele ya baba ambaye pia ni kocha hakupata namna ya kulisema.

Ukikuta ni vifaa, asidake mpira hata mmoja mpaka vibadilishwe. Ongea na klabu. Vifaa vya kipa ni mzigo wa klabu, si wa mfuko wa mzazi mmoja, na vile vya zamani vitamfaa mdogo anayeanza.

Ukikuta moyo wake kweli uko mbele, mruhusu. Vijana wako wadogo wapeane zamu golini mazoezini kuanzia wiki hii, wawili au watatu watajitokeza. Wapo watoto wanaoipenda nafasi ile. Hadi msimu uishe, mwombe mwanao adake nusu ya mechi, nusu acheze mbele. Nimesema umwombe. Akikataa, ukubali, na mwende kwenye mashindano na kipa mchanga. Sheria za sasa zinaruhusu timu kucheza bila kipa kabisa, lakini kwa watoto usithubutu. Mkifungwa mabao mengi mtakuwa mmefungwa mabao mengi, mwaka ujao mtarudi.

Zile pesa ulizotumia usizitaje tena mbele yake.

Mwalimu, mimi ni mtu wa kandanda. Shule ya binti yangu hapa Nakuru imepoteza kocha wa magongo, na mwalimu mkuu ameniomba nisaidie kwa sababu huwa nipo kila mechi. Binti amefurahi. Rafiki zangu wanasema huu si mchezo wetu, na mimi mwenyewe gongo sijawahi kulishika. Nikubali? (Baba wa Winga, Nakuru)

Kubali, ndugu yangu. Na hao rafiki zako waambie kwamba Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huu, Barcelona mwaka 1971, Kenya ilimaliza ya nne duniani. Waambie pia kuhusu Avtar Singh Sohal, aliyeichezea Kenya katika Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Uwanja wa City Park pale Nairobi ulikuwa na mechi za Michezo ya Afrika ya 1987. Mchezo huu una mizizi hapa kwetu, unachokosa ni watu wazima wa kusimama na watoto Jumamosi asubuhi.

Kandanda itakusaidia kuliko unavyodhani: nafasi, pembetatu za pasi, kukaba kwa pamoja. Itakupotosha mahali pachache. Mpira ukigusa mguu wa mchezaji wako, mara nyingi ni kosa. Kuuficha mpira kwa mwili, jambo ambalo mshambuliaji wa kandanda hulifanya siku nzima, huku ni kosa pia. Gongo lina upande mmoja tu wa kuchezea, ule bapa, kwa hiyo anayetaka kucheza kwa kushoto analigeuza mkononi. Bao halihesabiwi mpaka mshambuliaji awe ameugusa mpira ndani ya duara. Na otea haipo, imeondolewa tangu miaka ya tisini, hivyo usimfokee winga wako akisimama mbele. Shirikisho la dunia, FIH, lina kozi za makocha mtandaoni; fanya ile ya mwanzo kabisa.

Siku ya kwanza waambie watoto wazi kwamba unajifunza. Kisha mwombe mchezaji mkongwe, asiwe binti yako, akuonyeshe mbele ya wote jinsi ya kushika gongo: mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Binti yako atakuwa na kishawishi cha kukusahihisha kila dakika na wewe utakuwa na kishawishi cha kumgeuza msaidizi. Mnyime kazi hiyo. Amekuja kucheza na rafiki zake.

Viwanja vingi vya shule zetu ni murram au nyasi zilizokatika, na mpira hudunda pasipotarajiwa. Miezi ya mwanzo fundisha kusukuma tu, kupiga kwa kuinua gongo kungoje. Mwaga maji uwanjani kabla ya mazoezi kama yapo, vumbi litulie. Na mwambie mwalimu mkuu mapema, kwa maandishi, kwamba asiye na kinga ya meno na kinga za ugoko hachezi siku hiyo, akiwemo winga wako.