Jibu: Namutumikia Mungu na mfukoni hakuna kitu

Ndugu yangu wa Majengo, hapa kwetu Goma, nimesoma swali lako jana usiku nikaona siwezi kulipita. Unasema ulimaliza masomo, diploma iko mu sanduku, unauza unite za simu barabarani, wenzako mliosoma nao wako na gari na wanapanga nyumba za maana kule Himbi, mdogo wako amerudishwa nyumbani juu ya minervali, ile feza ya masomo, na sasa pasta fulani anakuambia upande mbegu ya zile dola 100 ulizojinyima mupaka ukazipata, eti Mungu atafungua mlango. Na unauliza, kama Mungu ananipenda mbona mfuko uko mtupu, na hawa wanaotuambia turidhike si wanatufundisha tu uvivu?

Mimi ni mama, fundi wa kushona, niko mtaa wa Virunga miaka mingi. Sijakuwa tajiri na sitakudanganya kwamba umaskini ni mzuri, umaskini unaumiza, hakuna utukufu wowote mtoto akitolewa mu darasa mbele ya wenzake. Hata Biblia yenyewe haiupambi, yule mwenye hekima wa Mithali 30 alimuomba Mungu asimupe umaskini wala utajiri, amulishe chakula kinachomutosha. Kwa hiyo usijihukumu eti unamukosea Mungu juu unatamani kazi na nyumba. Mimi pia natamani.

Watu wengi watakujibu hivi: mali inapita, angalia volkano. Ni kweli. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilishuka mupaka katikati ya mji, maduka ya wakubwa yakaenda, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaenda, na mpaka leo tunajenga juu ya yale mawe meusi. Tarehe 22 Mei 2021 tena, jioni ya siku ya posho (Jumamosi), mbingu nyekundu yote, watu wanakimbia na godoro kichwani, volkano ikaenda kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Lakini mimi nimeona kitu kimoja na nakisema kwa uchungu: moto haukufundisha mtu kuridhika. Kuna watu walitoka pale wakiwa na njaa ya feza kuliko mbele, wakapandisha bei ya kila kitu huku wenzao wanalala nje na watoto. Kujua tu kwamba mali inapita kunaongeza woga, unaanza kukamata kwa mikono miwili.

Ndiyo maana napenda Waebrania 13:5 na nakuomba uisome yote. Tunapenda kusimama pale pa kwanza, msipende feza, mwe radhi na vitu mlivyo navyo, halafu tunafunga kitabu na mtu anarudi nyumbani na hukumu. Sababu yenyewe inafuata palepale: kwa kuwa yeye mwenyewe amesema, sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa. Haisemi uridhike juu vitu ni vibaya, wala juu vitaungua. Inasema uridhike juu kuna Mtu hatoki kando yako. Na Paulo alipowaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote, alikuwa kifungoni, na anasema anajua kushiba na anajua kuona njaa. Alijifunza, kwa hiyo nawe usishangae kama bado, hii haishuki siku moja.

Nikupe kitu nilichokiona na macho. Mwaka 2025, vita ilipoingia mu mji mwisho wa mwezi wa kwanza na benki zikafungwa, alikuja mama mmoja mteja wangu, mama wa kujiweza kabisa, kuchukua nguo aliyonipa nishone ya ubatizo wa mjukuu wake. Ilikuwa tayari, nimeikunja, kitenge cha bluu na uzi wa dhahabu shingoni. Akafungua sakosi, mle ndani kuna telefone ya bei kali, karatasi za benki, funguo za nyumba, franga hata moja hakuna. Akakaa juu ya kibao cha wateja akaanza kulia. Feza zake zilikuwepo, zimeandikwa, hazishikiki. Nikamupa nguo. Akaniuliza, wewe mama Fundi hauogope? Nikamuambia naogopa, usiku milio ikianza natetemeka sawa na kila mtu, lakini kuna Mwenye kunishika na hakuwekwa mu benki. Tukasali Baba Yetu pamoja, na tulipofika pale pa mkate wetu wa kila siku alinyamaza, halafu akarudilia yale maneno peke yake, polepole. Kwa maoni yangu ile sala ameisema maisha yake yote lakini siku ile njo aliiomba.

Sasa ile ya uvivu. Mama yangu mzazi aliuza makala ya kupikia (mkaa) kwa mafungu mbele ya nyumba, mikono myeusi mupaka jumapili, na asubuhi mbele ya mteja wa kwanza alikuwa anatenga fungu moja la mjane wa nyuma ya kwetu, ndipo anaanza kuuza, anaimba. Na usifikiri alikuwa mlegevu! Deni la kila mtu wa avenue yetu alilijua kwa kichwa na alienda kulidai. Alikuwa mtu wa kazi na mtu wa amani, vyote viwili, na sijamuona hata siku moja anamuonea jirani wivu juu ya bati jipya.

Na kama unataka mtu wa mji wetu anayejulikana dunia nzima, angalia Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma hapahapa. Alikuwa kijana wa OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazoingia, pale penye bahasha zinatembea chini ya meza, na kazi kama hiyo wewe unaiota. Wakamutaka apokee feza apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa, wakarudi, akakataa. Wakamuua mwezi wa saba 2007, alikuwa na miaka 26. Huyu njo alikuwa anashughulika na maibobo, watoto wa barabarani, pamoja na wenzake wa Sant'Egidio, jumuiya ya Wakatoliki, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa limemutangaza mwenye heri kule Roma. Kijana mwenye kushiba na Mungu wake, utamununua na nini? Mtu ambaye hawezi kuridhika siku zote kuna bei yake, na watu wabaya wanaijua mbele yake. Kwa hiyo usiniambie kuridhika ni ulegevu, mimi naona ni nguvu ya kusema hapana.

Kuhusu hii mbegu nitasema wazi, hata kama nitakasirisha mtu. Kutoa ni vizuri, mimi natoa fungu la kumi, lakini natoa juu nimepewa, sitoi ili nikamudai Mungu faida mwisho wa mwezi. Simoni yule wa Samaria alitaka kupata karama ya Mungu kwa feza na Petro alimukemea vikali, iko mu Matendo 8. Pasta anayekuambia neema inasubiri dola zako, anakufundisha kuishi na Mungu kama mtu na mdaiwa wake, halafu gari isipokuja utaambiwa imani yako ndiyo ndogo. Nimeona vijana wawili watatu wameacha kusali kabisa kwa njia hiyo na inaniumiza sana.

Jioni nikifunga mashine, mbele ya kuhesabu feza ya siku nashukuru kwanza kwa majina, fulani alileta kitambaa, fulani alinisalimia, mtoto amepona homa, ndipo nahesabu. Siku nyingine ni kidogo kweli, nalia, nalala. Na nimeacha kuangalia status za watu usiku, ile ilikuwa inanikaushia roho. Shirika, ile jumuiya ndogo ya kusali mtaani, siikosi, juu pale unasikia shida za wengine na unapewa mtu wa kwenda kutembelea.

Zile dola 100, mdogo wako yuko nyumbani: lipa minervali yake wiki hii, ikibaki kitu ongeza unite. Na diploma itoe mu sanduku. Mu parokia yetu kuna papa mmoja aliyepumzika kazi ya leta (serikali), anasaidia vijana kupanga barua za kuomba kazi, halipishi. Niandikie mu inboksi nikuelekeze, anapatikana siku ya pili na siku ya ine baada ya misa.