Klachi mpya haikati: pima kwanza kabla hujashusha giaboksi

SWALI: Habari fundi. Nina Hiace ya dizeli, injini aina ya 5L, gia za mkono, nabebea mizigo hapa Morogoro. Klachi ilianza kuteleza milimani nikanunua seti mpya, pleti, presha pleti (ile inayoibana pleti) na beringi, sio oriji ya Toyota ila mwenye duka kasema wengi wanaitumia. Tangu ifungwe, gari ikiwa imezimwa gia zote zinaingia laini, nikiwasha gia ya kwanza inagoma na rivasi inakwaruza vibaya, nikilazimisha gari inataka kuondoka na mguu nimekanyaga mpaka chini. Fundi wangu anasema klachi ni feki ninunue nyingine ashushe giaboksi upya. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, usinunue kitu kwanza. Gia kuingia vizuri injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwashwa maana yake klachi haikati, pleti bado inazunguka na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, hata ukikanyaga. Rivasi ndio inalalamika zaidi kwa sababu kwenye giaboksi nyingi haina sinkronaiza, ile ringi inayolinganisha mzunguko wa gia kabla hazijaingia, kwahiyo acha kabisa kulazimisha, utakuja kununua na giaboksi.

Sasa cha kufanya, zima gari, weka mawe kwenye tairi, ingia chini uangalie silinda ya chini pale ubavuni mwa giaboksi, kuna fimbo inasukuma foku, mkono unaoisukuma beringi ya klachi. Mtu akanyage pedeli mpaka mwisho na wewe umeshika rula, uone fimbo inatoka kiasi gani. Kipimo hiki hakikugharimu hata mia na ndicho kinachosema tatizo liko nje au ndani, mimi inaniuma sana nikiona mtu analipishwa kushusha giaboksi mara ya pili na hakuna aliyechungulia hapo.

Fimbo ikitoka kidogo tu, chini ya sentimita moja, klachi haina kosa, nguvu ya mguu wako haifiki. Jaribu kupampu pedeli haraka haraka halafu weka gia, ikikubali basi kuna upepo ndani ya oili ya klachi au mipira ya masta, ile silinda ya juu kwenye pedeli, imechoka. Toa upepo vizuri na oili mpya ya breki, DOT 3. Halafu funua ile kava ya mpira ya silinda ya chini, ukikuta unyevu ndani hiyo silinda inavuja. Na hili watu wengi hawalijui: pleti ikilika, foku inairudisha pistoni ndani ya silinda kidogo kidogo miaka yote, ukifunga pleti mpya nene pistoni inasogea mbele, mpira unaanza kupita sehemu yenye kutu na uchafu ambayo haijaguswa siku nyingi, unachanika. Ndio maana silinda iliyokuwa nzima jana inaanza kuvuja wiki ya klachi mpya na lawama inaenda kwa klachi. Angalia pia hozi ya mpira, ikizeeka inavimba ukikanyaga na ule msukumo unaishia hapo. Na pedeli yenyewe, Toyota nyingi uchezaji wake ni milimita 5 mpaka 15, ukizidi hapo unapoteza safari ya fimbo, unarekebisha kwa nati ya fimbo ya masta pale juu.

Fimbo ikitoka vizuri na bado haikati, hapo sawa, giaboksi ishuke, ila uwepo mwenyewe. Cha kwanza waone kama pleti imegeuzwa, upande wenye springi zilizojitokeza kwa kawaida unaangalia giaboksi, na pleti nyingi zimeandikwa upande wa flaiwili. Cha pili kama imepinda, hii inatokea sana giaboksi ikiachwa ining'inie kwenye pleti wakati wa kufunga badala ya kushikwa na jeki mpaka bolti zote ziingie. Pleti iteleze kwenye meno ya shafti bila kukwama, grisi kidogo sana inatosha. Beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili izunguke kwa kidole, ikikamata inaburuza shafti hata klachi ikiwa imekata. Na uilaze pleti ya zamani pembeni ya mpya, na presha pleti hivyo hivyo, kipenyo, unene, idadi ya meno, urefu wa vidole vya presha pleti, maana hizi seti zisizo oriji nyingine ni nzuri tu ila boksi limeandikwa gari lako na ndani kuna ya injini nyingine. Tofauti ikionekana hapo ndio urudi dukani, na ubebe ile ya zamani ukawaonyeshe.

SWALI: Naweza kuendelea kuitumia hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwezi?

JIBU: Hapana. Kila gia inayokwaruza inakula meno au sinkronaiza, na siku gari ikigoma kutoka kwenye gia uko kwenye foleni au mtelemko na mzigo nyuma, unaweza kuumiza mtu. Ipaki mpaka upime.