Kabla hujakata: kwa mnaoanza kuchonga kwenye Blender

Wadogo zangu wa hapa Kigoma mnaoanza kuchonga kidijitali kwa Blender, programu ya kompyuta ya kuunda maumbo ya 3D, nawaona mnavyokimbilia kukata. Mtu kachonga mgebuka wake vizuri, sasa anataka ubavu mmoja uwe bapa ili printa ya 3D ikishamtoa, abandikwe ukutani. Anavuta boksi, nusu ya samaki inaondoka, na inayobaki ni ganda tupu lenye mdomo wazi. Programu inatukanwa bure. Ugonjwa ulikuwa kwenye meshi, yaani ule wavu wa nukta, kingo na nyuso unaounda umbo la samaki, toka mwanzo.

Zana za kukata kwa boksi na kwa lasso (mstari unaouzungusha kwa mkono) ziliingia Blender toleo la 2.91, mwaka 2020. Ili zikate sawasawa, programu lazima ijue wapi ni ndani ya samaki na wapi ni nje. Tundu dogo chini ya mkia, au pezi ulilobandika kama karatasi isiyo na unene, hapo inabaki kubahatisha. Zana hizi pia hazifanyi kazi ukiwa umewasha Dyntopo (inayoongeza nyuso unapochonga) au Multires (inayochonga kwa viwango kadhaa vya nyuso).

Kwa hiyo kagua kwanza. Ingia hali ya kuhariri, uwe kwenye nukta au kingo (kwenye nyuso haikubali), kisha kwenye menyu ya kuchagua tafuta kingo zisizofungamana (Non Manifold), yaani zisizounganisha nyuso mbili kamili. Zinazowaka mara nyingi ni matundu yako; chagua ukingo wa tundu, bonyeza F, linazibika. Nukta zilizolaliana ziunganishe kwa M. Umbali wa kuunganisha huwa mita 0.0001, yaani sehemu ya kumi ya milimita, na sioni sababu ya kuupandisha ovyo: ncha ya pezi ina pande mbili zinazokaribiana, zitagandana. Halafu washa rangi za mwelekeo wa nyuso. Penye wekundu, uso umegeuka ndani nje. Chagua zote, Shift N.

Wengine watakwambia rudi hali ya kuchonga ubonyeze tu Ctrl R, yaani rimeshi: meshi inajengwa upya kwa vokseli, vijiboksi vidogo vidogo, nazo zitasafisha kila kitu. Ni kweli rimeshi huziba na kuunganisha, ila haina huruma na vitu vyembamba. Kipimo cha vokseli unachokikuta ni mita 0.1, yaani sentimita kumi. Samaki wa sentimita ishirini atageuka kipande cha muhogo! Vokseli iwe ndogo kuliko unene wa pezi, na skeli (kiasi ulichomkuza au kumpunguza samaki) uwe umeithibitisha kwa Ctrl A, la sivyo vipimo vyote vitakudanganya. Komputa ikianza kulia feni, umeshusha vokseli mno.

Ukifika kwenye kukata, ondoa mtazamo wa perspektiva (unaofanya vya mbali vionekane vidogo), maana boksi hufuata jicho lako na ubavu utatoka umepinda. Mitazamo hubadilishwa kwa namba za pembeni za kibodi; laptopu isiyo nazo, washa kwenye mipangilio uigaji wa namba hizo. Na hifadhi faili kwa jina jipya. Umeme wetu mnaujua.

Pale ulipokata patakuwa na uso mmoja mpana au pembetatu ndefu ndefu, ukipitisha brashi hapaitikii. Hapo ndipo rimeshi inapofaa. Magamba na mistari ya mapezi usiyaguse hadi hatua hiyo ipite, maana rimeshi itayafuta yote na utaanza upya gamba kwa gamba.