Ruwaza za match kwenye XSLT: zisome kuanzia kulia

Wengi ninaowasaidia kuanza XSLT, lugha ya kubadilisha hati za XML, huisoma `match` kama wanavyoisoma `select`, na hapo ndipo wanapopotea. `select` huenda kutafuta: huanzia kwenye nodi iliyopo (kipande cha hati, kama elementi au maandishi) na kuleta inachokikuta. `match` haitafuti kitu. Prosesa, yaani programu inayoendesha XSLT, tayari imeshika nodi, inachouliza ni kimoja tu: je, nodi hii inalingana na ruwaza hii?

Kwa hiyo anza kusoma upande wa kulia. Chukua orodha ya vitabu ambamo `jina` limo mara mbili, la kitabu na la mwandishi. Kwa `match="kitabu/jina"`, kwanza inaulizwa: hii ni `jina`? Kama ndiyo, mzazi wake ni `kitabu`? Jina lililo ndani ya `mwandishi` linaachwa. Ukiandika `match="jina"` tu, yote mawili yanakubaliwa, hata yawe yamezama kiasi gani. Hiyo `//` ("popote ndani ya hati") ambayo watu hupenda kuitanguliza haina kazi hapo.

Tena ina madhara. Violezo viwili (`xsl:template`, kila kimoja na `match` yake) vikikubali nodi moja, kipaumbele ndicho huamua. Jina tupu lina 0. Ruwaza `*` (elementi yoyote) na `text()` zina -0.5; njia kama `kitabu/jina`, au ruwaza yenye sharti kama `kitabu[@lugha='sw']`, ina 0.5. `//jina` nayo inapanda hadi 0.5, ikagongana na `kitabu/jina`. XSLT 1.0, ya mwaka 1999, inairuhusu prosesa kutoa kosa au kuchukua kiolezo cha mwisho. Andika `priority` mwenyewe, usibahatishe.

Ukiona maandishi yamemwagika bila tagi, ujue violezo vyako havikulingana na kitu, na vile vya asili vimefanya kazi: vinashuka kwa watoto na kunakili maandishi. Mara nyingi chanzo ni `xmlns` (tangazo la nafasi-majina, anwani inayotofautisha majina ya elementi) kwenye elementi ya juu kabisa ya faili. Ikiwepo, `match="kitabu"` haiigusi hata nodi moja. Tangaza kiambishi, tuseme `v`, chenye anwani ileile, uandike `v:kitabu`. Kuanzia toleo la 2.0 unaweza kutumia `xpath-default-namespace`.

Usipokuwa na uhakika, ongeza kiolezo cha `match="*"` chenye `xsl:message` inayotaja `name()` na `namespace-uri()`, kisha `xsl:apply-templates` ili safari iendelee. Kwa kuwa kipaumbele chake ni -0.5, kitanasa zile elementi tu ambazo violezo vyako vingine vimeziruka.