Ukitaka Kufungua Darasa la Judo Mtaani, Anza na Sakafu

Msomaji mmoja wa Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, ameniuliza atapata wapi suti 30 za judo ili aanzishe darasa la vijana waliokosa karo na kazi. Nia yake naisifu, lakini suti si hitaji la kwanza wala la tano. Kwa miezi ya mwanzo jaketi nzito za dengrizi kutoka soko la mitumba la Gikomba zinatosha, mradi vifungo, zipu na kila kipande cha chuma vimekatwa na mifuko imeshonwa isiingie vidole. Kinachoua madarasa haya ni sakafu. Mtu anapata ukumbi, anatandaza magodoro mawili juu ya saruji, watoto wanarushana, mmoja anavunjika mkono wiki ya pili, na wazazi wanawazuia wote.

Nafasi ndogo isikutishe. Jigoro Kano alianzisha judo mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo akiwa na mikeka 12 tu, eneo la mita za mraba kama 20. Ukipata mita 5 kwa 5, umemzidi.

Mikeka halisi ya judo ina unene wa sentimita 4 na bei yake ni ya kuumiza. Ile ya povu inayounganishwa kama fumbo, ya sentimita 2, inafaa karate, haifai kutupana. Usipokuwa na fedha, tengeneza sakafu ya maranda. Jenga fremu ya mbao yenye kimo cha sentimita 20, tandaza karatasi ya nailoni chini kuzuia unyevu, kisha jaza maranda yaliyochanganywa na vumbi la mbao. Fremu ya mita 5 kwa 5 inameza mita 5 za ujazo, na baada ya majuma machache ya kukanyagwa maranda hushuka, kwa hiyo weka akiba ya kuongezea. Mafundi wa mbao wengi watakuachia bure ukija na magunia yako. Yachekeche yote na upitishe sumaku, kwa sababu msumari mmoja ukibaki utauona kwenye mguu wa mtoto. Juu yake laza mablanketi makuukuu, kisha turubai la lori lililovutwa hadi likaze na kufungwa kwa kamba nje ya fremu. Turubai likilegea hufanya mikunjo, na mkunjo hunasa kidole cha mguu wakati mwili unazunguka. Hapo ndipo goti huteguka.

Msimu wa mvua, Machi hadi Mei, ndio adui wa sakafu hii. Maranda yakilowa huota ukungu na huwa magumu kama udongo. Paa likivuja, ahirisha ujenzi hadi lizibwe. Kila Jumamosi piga kisigino kwa nguvu sehemu mbalimbali, na ukihisi ardhi, ongeza maranda hapo. Acha mita moja kati ya fremu na ukuta, na nguzo zote zizungushiwe godoro hadi kimo cha kichwa.

Sasa mafunzo yenyewe. Majuma sita hadi manane ya kwanza hakuna kutupana. Ni kuanguka tu, yaani ukemi. Najua vijana watanuna, wamekuja kutafuta mambo ya sinema. Wacha wanune.

Mwanafunzi huanza akiwa amelala chali, kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda. Mikono inapiga mkeka pamoja, kuanzia kiganja hadi kiwiko, ikiwa imetengana na mwili kwa nyuzi 30 hadi 45. Ikipanda hadi usawa wa bega, bega ndilo linabeba pigo. Anapiga huku akitoa pumzi, maana anayebana pumzi hukaza mwili mzima. Akizoea, anachuchumaa na kujiangusha nyuma, kisha anasimama wima, kisha kuanguka upande, na mwisho kubingirika juu ya bega. Usiruke hatua yoyote kwa sababu mmoja ana kipaji.

Makosa ni mawili na hujirudia kila darasa. La kwanza ni kichwa kugonga chini. Dawa yake ni soksi iliyokunjwa na kubanwa chini ya kidevu: ikianguka kabla ya mgongo kufika chini, shingo ililegea. La pili ni kunyoosha mkono nyuma ili kujizuia, na hapo huvunjika kifundo, kiwiko au mtulinga. Huyu mrudishe kuchuchumaa huku akishika mkanda wake kwa mikono miwili, mpaka mwili usahau ile tabia.

Usidhani natia chumvi. Nchini Japani kwenyewe, wanafunzi zaidi ya 100 wamefariki katika judo ya shule tangu mwaka 1983, na wengi waliumia kichwa. Mtupo unaotajwa sana katika ajali za wanaoanza ni osoto gari, ule wa kufagia mguu kwa nyuma, kwa sababu anayetupwa huenda chini kisogo kikitangulia. Walimu wetu hapa huufundisha mapema kwa kuwa unaonekana mwepesi. Anza na uki goshi, wa kiunoni, tena anayetupwa apige goti kwanza. Anayetupa ana wajibu mmoja mkubwa: asiachilie mkono wa koti, auvute juu mwenzake anaposhuka. Atakayeachilia ili aonekane shujaa, mketishe siku hiyo yote. Wapange wawili wawili kwa uzito, tofauti isizidi kilo 5 kwa watoto. Kukaba shingo na kupinda viungo havina nafasi kwa wa shule ya msingi. Japani hawaviruhusu katika mashindano ya umri huo. Aliyegonga kichwa harudi mkekani siku hiyo hata akikuapia kwamba ni mzima. Akitapika, akisinzia ovyo au maumivu yakizidi, ni hospitali mara moja.

Sakafu ya mita 5 kwa 5 haibebi zaidi ya jozi 6 zinazotupana. Wengine wafanye mizani ya mguu mmoja pembeni, au wahesabu kwa sauti.

Kuhusu saa: jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu. Anza saa kumi na nusu, funga saa kumi na mbili kasorobo, ili wasichana wafike nyumbani kungali na mwanga. Wengi wanakuja bila chakula cha mchana, na mtoto mwenye njaa huanguka vibaya. Kilo moja ya unga hutoa lita 10 hivi za uji, kikombe kwa kila mmoja kati ya watoto 30, na wanywe nusu saa kabla. Ukiuweka mwisho, wako watakaokuja mwisho.

Mashilingi, yale mabaka ya ngozi yanayoambukiza, hayabishi hodi. Futa turubai kila baada ya darasa kwa dawa ya klorini ya nyumbani, mililita 30 kwa lita moja ya maji, liache dakika 10 kabla ya kulipangusa. Kandambili ziishie ukingoni. Wanaofuta ni wanafunzi wenyewe kwa zamu, na mwalimu naye ana zamu yake. Hapa ndipo budo, yaani sanaa ya mapigano ya Kijapani kama njia ya nidhamu, inapoonekana, si kwenye kelele.

Kuinama, ile salamu ya judo, kutazua maswali kanisani na msikitini. Waite wazazi waone. Kuinama kidogo mtu akiwa amesimama kunatosha, na picha ya mwanzilishi ukutani si lazima. Msichana wa Eastleigh akija na hijabu, iwe ya kubana isiyo na pini. Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alicheza judo kichwa kikiwa kimefunikwa kwenye Olimpiki ya London 2012.

Karatasi nazo. Kusajili kikundi kunahitaji watu 10 au zaidi, katiba na kumbukumbu za mkutano. Kila mkufunzi awe na cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kinachoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050. Wawepo watu wazima wawili kila mara, mmoja mwanamke. Namba 116 ya kuripoti dhuluma dhidi ya watoto iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, hata kama anayeripotiwa ni wewe. Mweleze chifu na wazee wa nyumba kumi mnachofanya, la sivyo watu watasema mnafunza majambazi.

Halafu kuna wageni. Watakuja na kamera, wapige picha za watoto wakirukaruka, na hamtawaona tena. Mwambie mgeni alete mita 3 za turubai ndipo apige picha. Na msimu wa siasa watakuja wengine wakitafuta vijana wenye misuli wa kulinda mikutano kwa mia tano. Toa msimamo mapema, mbele ya wazazi: anayekwenda huko amejitoa darasani. Kama huwezi kulisema hilo kwa sauti, basi unawanoa vijana kwa faida ya mtu mwingine, na jina la Kijapani halitaficha.

Mikanda iwe bure. Fundi wa cherehani atashona mikanda 30 kwa kitambaa cha pamba, upana wa sentimita 4, urefu wa mita 2 na nusu kwa mtoto. Mtihani wa kwanza uwe wa kuanguka peke yake, pande zote, soksi ikiwa kidevuni.