"Pumzi andika 20 tu": jibu kwa mwanafunzi mpya wa uuguzi

Hapana. Futa hilo kichwani kabla hujanunua hata kalamu.

Umeuliza mambo manne: ununue vifaa gani, ukariri vipi majina ya mifupa, uondoe vipi woga wa kuchoma sindano, na ujiandae vipi kupima ishara za uhai (pumzi, mapigo, joto, presha) wiki ya kwanza wodini. Halafu kwa kupitia tu ukadokeza kuwa mwenzako wa mwaka wa juu amekuambia "pumzi hakuna anayehesabu, andika 20 tu, wote huandika 20". Mengine yatasubiri. Hilo la 20, yaani pumzi 20 kwa dakika, halisubiri, maana na mimi niliambiwa maneno hayo hayo, na mtu wa aina hiyo hiyo, mwenye ujasiri wa kuvaa sare mwaka mmoja kabla yangu. Nikamwamini. Chati zangu za muhula mzima zilipendeza: 20, 20, 18, 20. Wodi nzima ilipumua kwa pamoja kama kwaya.

Aliyenifundisha hivyo simtaji. Namwombea kitu kimoja tu: siku akilazwa, ahudumiwe na mwanafunzi aliyemfundisha yeye mwenyewe. Na yule mkufunzi aliyekuwa akisaini daftari la mazoezi bila kuinua macho, naye alazwe kitanda cha pili yake.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Namba ya pumzi ambayo hukuihesabu mwenyewe kwa sekunde 60 kamili haiingii kwenye chati. Ukisahau yote niliyoandika hapa, shika hilo.

Kwa nini ninang'ang'ania pumzi na si presha, ambayo kila mwanafunzi anaipenda kwa kuwa ina stetoskopu na inapendeza kwenye picha? Kwa sababu mwili unapoanza kuharibika, mara nyingi pumzi ndiyo inayotangulia kubadilika. Tishu zikikosa oksijeni ya kutosha, iwe ni maambukizi yaliyovuruga mwili mzima, damu inayovujia ndani au moyo uliochoka, seli huanza kutengeneza nishati bila oksijeni na asidi ya laktiki inajaa. Vihisi vilivyo kwenye ubongo na kwenye mishipa mikubwa ya shingo vinaigundua asidi hiyo, na mapafu yanaamriwa kutoa kabonidayoksaidi zaidi, kwa kuwa nayo ikiwa ndani ya damu inaongeza asidi. Kuitoa ni kupumua kwa kasi au kwa kina zaidi. Wakati huo presha bado nzuri, maana mishipa imejikaza kuishikilia, na ikianguka ujue akiba imekwisha. Kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu nacho bado kinasoma asilimia 96 au 97, kwa sababu huko kuhema ndiko kunakoishikilia hiyo 96.

Chukua mgonjwa mmoja kwa mfano. Anapumua mara 26 kwa dakika, mapigo 104, joto 38.2, presha ya juu 112, oksijeni 96 bila kuongezewa, yuko macho na anaongea vizuri. Mpe alama kwa jedwali la NEWS2, la kutambua mapema mgonjwa anayezidiwa, lile la Royal College of Physicians ya London lililotoka 2012 na kuboreshwa 2017. Pumzi 25 na kuendelea ni alama 3. Mapigo kati ya 91 na 110 ni alama 1. Joto kati ya 38.1 na 39.0 ni alama 1. Presha, oksijeni na fahamu ni sifuri. Jumla 5, maana yake anatakiwa kuonwa kwa haraka na mtu mwenye uwezo wa kuamua matibabu, na kupimwa upya angalau kila saa. Tena ile 3 ya pumzi peke yake ingetosha kukufanya umwite mtu.

Sasa andika 20 ya kubuni. Jumla inashuka hadi 2. Kwa alama 2 mgonjwa huyo huyo anaweza kukaa saa 4 hadi 6 kabla hajapimwa tena. Hujabadilisha dawa, hujamdondosha kitandani, hujakosea mshipa. Umeandika tarakimu mbili tu, na tayari umewaambia wote watakaosoma chati baada yako kwamba huyu anaweza kusubiri. Ndiyo maana nasema hili ni kosa ghali kuliko yote ya mwaka wa kwanza. Ukikosea kutandika kitanda, kitanda kitakufichua. Namba ya kubuni haimfichui mtu, inakaa kwenye mstari wake kwa heshima zote na daktari anaiamini.

Kuna na upande wa pili ambao wengi hawautaji, wa pumzi kupungua. Mgonjwa ametoka upasuaji, amepewa mofini, dawa kali ya maumivu, amelala "vizuri". Dawa za kundi hilo hufifisha sehemu ya ubongo inayoendesha kupumua. Kwanza mgonjwa anazidi kuwa mzito wa usingizi, kisha pumzi zinapungua: 11, 9, 8. Ikiwa ana mrija wa oksijeni puani, kifaa cha kidoleni kinaweza kuendelea kusoma 97 huku kabonidayoksaidi ikijaa kwenye damu, kwa sababu kifaa kile hakipimi kabonidayoksaidi kabisa. Ukikitegemea chenyewe utachelewa sana. Huyo mhesabie pumzi, kisha mwite kwa jina uone anaamka kwa wepesi gani. Ukihesabu 8 au pungufu, au haamki kwa kuitwa, usimwache peke yake kwenda kutafuta kalamu. Bonyeza kengele au paza sauti.

Namna ya kuhesabu. Mgonjwa awe ametulia, na kama ametoka kutembea au kulia mpe dakika 5 au zaidi. Usimwambie "nahesabu pumzi zako", kwa sababu mtu akijua anabadilisha mwendo wake bila kutaka. Jaribu mwenyewe sasa hivi, umeshaanza kupumua kwa mawazo. Shika mkono wake kama unapima mapigo, kwa vidole viwili au vitatu kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba chake, na usitumie kidole gumba chako kwa kuwa kina mpigo wake. Hesabu mapigo sekunde 60. Yakiisha, usiachie mkono. Ulaze juu ya kifua au tumbo lake, macho yako yahamie kwenye kifua, anza dakika nyingine. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Wanafunzi wengi huhesabu kupanda moja na kushuka mbili, kisha wanakimbia kumwita daktari kwa mgonjwa mwenye pumzi 36 za kifalme. Nguo nzito au shuka likikuzuia kuona, lishushe kwa heshima, usihesabu shuka.

Saa iwe na mshale wa sekunde au tarakimu za sekunde. (Hapo nimejibu la vifaa, unaona? Saa ya kubandika kifuani, si ya mkononi, ili uoshe mikono mpaka kwenye vifundo.)

Sasa ile njia ya mkato nyingine: sekunde 15 mara nne. Tatizo lake ni hesabu ya darasa la pili. Ukizidisha kwa nne huwezi kupata namba yoyote isipokuwa zinazogawanyika kwa nne: 12, 16, 20, 24, 28 na kuendelea. Mgonjwa anayepumua mara 22 atatoa pumzi tano na nusu ndani ya sekunde 15. Ukihesabu tano unaandika 20, alama sifuri. Ukihesabu sita unaandika 24, alama 2. Mgonjwa ni yule yule, ila pumzi moja uliyoikosa imekuwa nne. Vitabu vingi huruhusu sekunde 30 mara mbili kwa mtu mzima anayepumua kwa mpangilio, sawa, lakini wewe wiki ya kwanza bado hujui mpangilio ulivyo. Na wapo wanaohema kwa kasi ikipanda, ikishuka, kisha kimya cha sekunde kadhaa, halafu wanaanza tena. Sekunde 15 zako zikiangukia kwenye kimya utaandika maajabu.

Kwa watoto ndiyo usijaribu kabisa. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka ya pumzi za kasi kwa mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida: chini ya miezi 2 ni 60 na kuendelea, miezi 2 hadi 11 ni 50 na kuendelea, mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5 ni 40 na kuendelea. Mtoto wa miezi 8 anayepumua mara 50, kwa njia ya sekunde 15 atapata 48 au 52. Pumzi moja inaamua kama ahesabiwe kuwa na dalili ya nimonia au hapana. Mtoto mchanga naye hupumua kwa vipindi, haraka kisha akasimama kidogo, kwa hiyo dakika nzima, na ikifika 60 au zaidi rudia kuhesabu. Tazama tumbo lake zaidi ya kifua. Mhesabie kabla ya kumgusa, akiwa mikononi mwa mzazi, kabla ya themometa na kabla ya presha. Akishalia umepoteza nafasi.

Katika dakika hiyo macho yasihesabu tu. Pande zote mbili za kifua zinapanda sawa? Misuli ya shingo inavutwa? Matundu ya pua yanatanuka? Kifua cha chini cha mtoto kinaingia ndani anapovuta hewa? Kuna mluzi au mkoromo? Na kina. Pumzi 12 za mililita 500 ni lita 6 kwa dakika. Pumzi 30 za mililita 200 nazo ni lita 6. Lakini kila pumzi huacha takriban mililita 150 njiani, kwenye koo na mirija, ambazo hazifiki kwenye vifuko vya mapafu. Wa kwanza anabaki na lita 4.2 za kazi, wa pili lita 1.5. Kwa hiyo andika namba, kisha neno: za kina, za juujuu, za shida.

Utaniambia wagonjwa ni wengi na dakika hazipo. Themometa ya kidijitali ikiwa kwapani ina muda wake mpaka ilie. Unafanya nini muda huo, unaitazama? Virginia Henderson, yule muuguzi Mmarekani ambaye mahitaji yake 14 ya msingi utayakariri muhula huu huu, la kwanza aliloliweka ni kupumua. Si la kumi na nne.

Presha, kwa haraka kwa sababu nimechoka: mgonjwa aketi dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo, nyote wawili kimya. Mfuko wa hewa wa ndani ya kitambaa uzunguke karibu asilimia 80 ya mkono. Ukiwa mdogo utasoma presha ya juu ambayo haipo. Pandisha hadi 30 juu ya pale mpigo wa kifundo cha mkono ulipopotea, shusha kwa 2 hadi 3 kila sekunde. Mikono: sabuni na maji sekunde 40 hadi 60, dawa ya kusugua yenye kileo sekunde 20 hadi 30, kabla na baada ya kila mgonjwa.

Kwa mazoezi, tafuteni mtu aliyelala au anayesoma, mhesabu wawili kwa wakati mmoja bila kusemezana, kila mtu aandike namba yake. Mkipishana zaidi ya pumzi 2, rudieni. Fanyeni kwa watu kumi. Ukikatizwa katikati ya dakika, anza upya kutoka sifuri. "Nilikuwa kwenye 13, nikaendelea" ni kubuni tu kwa jina jingine. Usipopata nafasi ya kuhesabu, acha kisanduku wazi na uandike sababu. Kisanduku wazi kitamsumbua mtu, na ndivyo inavyotakiwa.

Na kama leo umeshaandika 20 ya kubuni, rudi kitandani. Hesabu, andika namba mpya pamoja na saa uliyohesabu. Ile ya zamani usiifute wala usiipake rangi nyeupe: ipigie mstari mmoja unaoacha isomeke, weka saini, kisha mwambie muuguzi wa zamu. Atakufokea. Mimi ningekufokea zaidi.