Hukumu ya Mahakama, Dhana Njema na Damu ya Aliyeuawa

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ninaishi Marekani mwaka wa tisa sasa. Msikitini kwetu, karibu kila baada ya Isha, huzuka mjadala juu ya kesi ya Adnan Syed, kijana wa Baltimore aliyefungwa kwa mauaji, akaachiwa, kisha hatia yake ikarudishwa. Wengi wanasema Muislamu mwenzetu kaonewa. Siku moja nilisema kwamba mimi naamini kaua, kwa kuwa mahakama imesema hivyo, na mzee mmoja ninayemheshimu akaniambia nimemsingizia Muislamu damu na ni lazima nitubu. Tangu siku hiyo sina raha. Je, hukumu ya mahakama isiyo ya Kiislamu yanitosha kuamini kwamba mtu kaua? Je, kumdhania mema Adnan ni wajibu juu yangu? Na ukipita mchango wa gharama za mawakili wa mfungwa wa namna hii, nitoe au nisitoe?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu muulizaji, barua yako imelitaja jina la aliyehukumiwa na haikumtaja aliyeuawa hata mara moja. Sikulaumu, kwani ndivyo kesi hii inavyosimuliwa kila mahali. Aliitwa Hae Min Lee. Alikuwa na umri wa miaka 18, mwanafunzi wa sekondari ya Woodlawn, akatoweka tarehe 13 Januari 1999, na mwili wake ukapatikana tarehe 9 Februari katika msitu wa Leakin Park, umefukiwa kijuujuu, naye amekabwa koo mpaka kufa. Ninaanza na yeye kwa sababu madai ya damu ni yake kwanza, kabla hayajawa yetu sisi wa barazani.

Adnan Syed, aliyekuwa mpenzi wake kisha wakaachana, alikamatwa mwisho wa mwezi huo akiwa na miaka 17, akatiwa hatiani Februari 2000, akahukumiwa kifungo cha maisha na miaka 30 juu yake. Hapakuwa na mtu aliyedai kuliona tendo lenyewe la kuua. Nguzo ya kesi ilikuwa jamaa aliyesema kwamba alionyeshwa maiti na akasaidia kuizika, pamoja na kumbukumbu za simu zilizotumiwa kuonyesha simu ya mshitakiwa ilikuwa maeneo gani usiku ule. Jamaa huyo alibadilisha maelezo yake mara kadhaa, saa na mahali pakipishana; lakini yeye ndiye aliyewapeleka polisi mpaka lilipoegeshwa gari la marehemu, jambo ambalo watetezi wa Adnan hulijibu kwa kusema polisi huenda walikwisha kulijua. Kumbukumbu za simu nazo zilikuwa na karatasi ya kampuni iliyoonya kwamba simu zinazoingia hazifai kutegemewa kuonyesha mahali. Akatokea pia mwanafunzi aliyesema alimwona Adnan maktabani mchana wa siku hiyo, na wakili wa utetezi hakumtafuta hata kumuuliza.

Ukiyatazama haya utaona kwa nini barza yenu haimalizi. Kila upande una kitu mkononi.

Sasa, hukumu ya hakimu ni kitu gani katika dini yetu? Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Mama wa Waumini Ummu Salama (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alisema, kwa maana yake: mimi ni mwanadamu tu, nanyi huniletea magomvi yenu, na huenda mmoja wenu akawa hodari wa kueleza hoja yake kuliko mwenziwe, nikamhukumia kwa nilivyosikia, basi nitakayemkatia kitu katika haki ya ndugu yake asikichukue, kwani ninamkatia kipande cha moto. Aliyesema hayo ndiye aliyekuwa akiteremshiwa wahyi, na bado akatufundisha kwamba hukumu hufuata lililodhihiri, kwamba hukumu hiyo hutekelezwa na watu huishi chini yake, lakini kilichokuwa haramu mbele ya Mwenyezi Mungu hakigeuki kuwa halali kwa nyundo ya hakimu, wala aliyetenda hageuki kuwa hakutenda. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya hukumu iliyotoka katika ulimi wa Mtume, basi hukumu ya watu 12 waliokaa katika baraza la wazee wa mahakama ya Baltimore haiwezi kupewa daraja ya juu zaidi. Wala haiwi batili kwa kuwa waliokaa si Waislamu. Hata kwetu Kenya na Zanzibar kesi ya mauaji haiendi kwa Kadhi, huenda Mahakama Kuu, na sijapata kusikia mtu akisema kwa sababu hiyo hakuna muuaji aliyepata kuhukumiwa kwa haki.

Kuna jambo ambalo mijadala hii hulipita mbio. Mahakama ya juu ya Maryland, jimbo ulimo mji wa Baltimore, iligawanyika majaji wanne kwa watatu mwaka 2019, ikagawanyika tena wanne kwa watatu Agosti 2024. Watu hulisikia hili wakadhani majaji saba walikaa wakapiga kura kama Adnan kaua au hakuua. La. Mara ya kwanza swali lilikuwa kama kosa la wakili kutomtafuta shahidi wa maktabani lingeweza kubadilisha matokeo. Mara ya pili lilikuwa kama ndugu wa marehemu alinyimwa haki yake pale hatia ilipofutwa Septemba 2022 bila kupewa nafasi ya kutosha kufika mwenyewe. Hatia ikarudi kwa sababu hiyo. Ofisi ya mashtaka, ambayo ndiyo iliyoomba hatia ifutwe mwaka 2022, ililiondoa ombi lake Februari 2025 chini ya kiongozi mwingine, ikisema lilikuwa na maelezo yasiyo ya kweli na ya kupotosha; na mwezi uliofuata jaji akampunguzia Adnan adhabu hadi muda aliokwisha kuutumikia, akabaki nje, na hatia ikabaki pale pale. Kwa hiyo anayesema "mahakama imemsafisha" anakosea, na anayesema "majaji wamethibitisha tena kwamba ndiye muuaji" naye anakosea.

Nije kwa wanaosema ni Muislamu mwenzetu. Aya za Suratun-Nisaa kuanzia ya 105 zina sababu ya kuteremshwa ambayo wafasiri wameisimulia kwa njia mbalimbali, na mashuhuri kati ya hizo ni hii: mtu wa Madina kutoka watu wa Ubayriq aliiba deraya iliyokuwa ndani ya mfuko wa unga, na mfuko ulikuwa na tundu, unga ukamwagika njiani. Alipoona anatafutwa akaiweka deraya kwa Yahudi mmoja. Jamaa zake wakaenda kwa Mtume (S.A.W.) kumtetea mtu wao, na dalili zote zikamwelekea Yahudi, kwani mali ilikutwa kwake. Ndipo zikashuka aya: "wala usiwe mtetezi wa wahaini," na ikafuata ya 112 kwamba mwenye kutenda kosa kisha akamtupia asiye na hatia amejitwika dhulma na dhambi iliyo wazi. Aliyesafishwa na Qur'ani alikuwa Yahudi. Aliyefedheheshwa alikuwa mtu anayesimama safu moja na waumini. Basi Uislamu wa Adnan si ushahidi wa kumtoa hatiani, kama ambavyo hauwi ushahidi dhidi yake, na ikiwa yupo aliyemdhania mabaya kwa jina lake na asili ya wazazi wake, huyo naye ana dhambi yake.

Ama kupima ushahidi wenyewe, sijui fundisho lililo wazi kuliko Suratu Yusuf, kwa sababu ndani ya sura moja mna kanzu mbili zilizoletwa kuwa ushahidi. Ya kwanza ililetwa na ndugu zake kwa baba yao ikiwa na damu, na Qur'ani ikaiita "damu ya uongo"; wafasiri wamesimulia kwamba Yaakub (A.S.) aliigeuza mkononi akaiona haina mraruko, akastaajabu ni mbwa mwitu gani huyo mpole, amle mtoto na kanzu aiache nzima. Ya pili iliraruliwa nyuma, ikamshuhudia Yusuf kuwa ni mkweli. Kitu kile kile, kanzu, safari moja kimedanganya na safari nyingine kimesema kweli, na lililozitenga ni jicho la aliyeitazama.

Japani wana kisa ambacho huwezi kukisoma bila kuikumbuka kanzu ya kwanza. Iwao Hakamada alihukumiwa kifo mwaka 1968 kwa mauaji ya familia ya watu wanne huko Shizuoka, na miongoni mwa vielelezo vikubwa zilikuwa nguo tano zenye damu zilizotolewa ndani ya tangi la miso, ule uji mzito wa soya, zaidi ya mwaka baada ya mauaji. Damu ilikuwa bado ina wekundu. Ilichukua miongo mpaka mahakama ikubali kwamba damu iliyokaa mwaka mzima ndani ya miso hugeuka rangi ikawa nyeusi, na kwamba nguo zile zilitiwa damu na kufichwa baadaye na wachunguzi. Akaachiwa huru kabisa tarehe 26 Septemba 2024, naye ana umri wa miaka 88. Alikuwa pia amekiri mbele ya polisi, baada ya kuhojiwa siku nyingi mfululizo, kisha akakana mahakamani.

Juu ya kukiri, Ibn al-Qayyim amehifadhi kisa cha zama za Ali bin Abi Talib (R.A.). Si hadithi ya Mtume, ni kisa, nami ninakitaja kama kisa. Mtu alikutwa katika gofu ana kisu kinachotiririka damu, na mbele yake maiti. Alipoulizwa akasema: ni mimi. Alipokuwa akipelekwa kuuawa, akaja mtu mwingine mbio, akasema: msiharakishe, muuaji ni mimi. Ali akamuuliza yule wa kwanza, kwa nini ulikiri? Akajibu kwamba yeye ni mchinjaji, alikuwa amemchinja ng'ombe na anamchuna, haja ikamshika, akaingia gofuni kujisaidia na kisu bado mkononi, akamkuta mtu yule ameuawa. Askari walipomzunguka aliona hakuna atakayemwamini, akakiri akitaraji malipo yake kwa Mwenyezi Mungu. Hebu fikiri, ndugu yangu: kisu, damu, maiti na ulimi wake mwenyewe, na bado hakuua.

Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walizingatia udhaifu huu wa dalili walipozungumzia *lauth*, yaani alama zinazoipa dhana nguvu bila kufikia ushahidi kamili. Hapo huja viapo 50 vya kasama, wanavyoapa jamaa za aliyeuawa, na kauli inayotegemewa katika madhehebu ni kwamba hata viapo hivyo vikitimia hutolewa dia tu, yaani fidia ya damu, mtu hauawi. Shahidi aliyeshiriki kuficha maiti, na maneno yake yanabadilika, hafikii uadilifu unaotakiwa. Siipimi kesi ya Maryland kwa kitabu cha fiq-hi, kwani haikuhukumiwa kwayo. Ninakuonyesha tu kwamba shaka uliyo nayo si udhaifu wa imani.

Basi nikujibu. Uliposema "mahakama imemtia hatiani" ulisema kweli, na hilo si kusingizia. Uliposema "naamini kaua" ulivuka ujuzi wako, na Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul-Israa, aya ya 36, usifuate usiyo na ujuzi nayo. Omba msamaha kwa hilo, ni jambo la istighfari, lakini hukumzulia mtu damu, kwani hukubuni neno lililokuwa halipo. Mzee wako amekaza mno. Naye ukipata nafasi mwambie kwa adabu kwamba kusema kwa yakini "hakuua" kuna upande wa pili: maana yake ni kwamba yupo shahidi aliyekula kiapo akazua, na yupo muuaji mwingine anayetembea, na baadhi ya watu mitandaoni wameshamtaja huyu na yule kwa majina. Hao nao wana heshima zao. Dhana njema iliyoamrishwa hukuzuia usimhukumu Adnan moyoni mwako. Haikupi ruhusa ya kumhukumu mwingine mahali pake. Neno "sijui" linakutosha, nawe hukuitwa kuwa hakimu.

Ama mchango, kutoa kwa ajili ya mtu asikilizwe upya kwa haki kunajuzu, awe Muislamu au asiwe. Yusuf (A.S.) alipoitwa kutoka gerezani hakutoka, alimrudisha mjumbe akamwambie bwana wake kwanza aulize habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Alitaka kesi ifunguliwe, hakutosheka na mlango kufunguliwa. Toa kwa nia hiyo, na usitoe pale unapoona fedha zinatumika kuwatukana ndugu wa marehemu au kuwashambulia mashahidi. Mwenyezi Mungu amempa walii wa aliyeuawa kwa dhulma, yaani jamaa yake mwenye haki ya kudai damu, mamlaka, na kaka yake Hae alipigania karibu miaka miwili apewe nafasi ya kuwepo na kusema. Mkikaa tena baada ya Isha, mtajeni na yeye.

Wallahu a'lam.